Jaji Mkuu wa Ghana katumbuliwa: sheria imefuatwa au ni siasa?

Mtoni_Kijichi: Wakuu, Ghana wamemng'oa Jaji Mkuu wao, mama Gertrude Torkornoo. Aliteuliwa 2023 enzi za Rais Akufo-Addo. Rais Mahama karudi Ikulu Januari 2025, Aprili kamsimamisha, Septemba 1 kamtoa. Katiba yao, ibara ya 146, inataka kamati ya watu watano: wawili majaji wa Mahakama ya Juu, watatu wasiwe wanasheria wala wabunge. Kamati ikipendekeza aondoke, rais hana hiari. Lakini anayeiunda ni rais huyohuyo, akishashauriana na Baraza la Nchi, yaani washauri wa rais. Sasa hapo uhuru wa mahakama uko wapi?

Kipanga: Umeruka nyama umeleta mchuzi. Kamati imesema alikwenda likizo kwa hela ya mahakama, safari moja na mume, nyingine na binti. Ya mume ilikuwa hapahapa kwetu Arusha! Likizo, halafu na posho juu.

Wakili_wa_Mtaani: Mwenyewe alikwishasema Juni mbele ya waandishi kwamba utaratibu mzima unakiuka katiba na hajiuzulu ng'o. Msimhukumu kwa posho. Nani humu hajala posho ya semina?

Kipanga: Mimi sijala. Usinijumlishe.

Otis_wa_Kisumu: Watanzania mkisikia Arusha mnasahau swali. Sisi Kenya tulipitia haya 2003. Ripoti ya Jaji Ringera kuhusu rushwa mahakamani ilitoka, majaji 23 wakasimamishwa kwa mkupuo, wengine baadaye wakasafishwa. Ukishapakwa matope, kusafishwa kunasaidia nini?

Binti_Pangani: Kaka Otis, punguza. Naibu Jaji Mkuu wenu, Nancy Baraza, alipomvuta pua mlinzi pale Village Market, yale maduka ya Nairobi, mkesha wa mwaka mpya, jopo la kumchunguza liliongozwa na nani? Mzee wetu Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa huku. Tuliwaazima mtu mzima.

Otis_wa_Kisumu: Hakumvuta, alimfinya.

Binti_Pangani: Pua ni pua.

Otis_wa_Kisumu: Dada, kuvuta na kufinya ni makosa mawili tofauti hata kwa mwalimu wa chekechea. Na jopo lenyewe lilisikiliza hadharani, mlinzi akasimama akasema yake. Mama Baraza akajiuzulu Oktoba 2012. Ghana wamefunga mlango.

Kipanga: Kwa hiyo unakubali alimfinya.

Wakili_wa_Mtaani: Otis ana hoja hapo kwenye mlango. Jaji anahukumu watu mchana kweupe, yeye anahukumiwa chumbani. Ila na sisi tusijitie uungwana. Tume ya kumchunguza jaji huku inaundwa na rais, na Jaji Mkuu anateuliwa na rais bila kupita bungeni.

Mama_Shomari: Mnaongea majaji wakubwa tu. Kesi yangu ya kiwanja ina mwaka wa sita. Tunakaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili, vyeti vimo kwenye mfuko wa rambo. Saa tano karani anachungulia dirishani: "Mheshimiwa ana udhuru, rudini tarehe kumi na nne." Hata hafungui mlango. Huo uhuru wake mimi nauona sana.

Kipanga: 😂😂 Mama umemaliza.

Wakili_wa_Mtaani: Shikamoo mama. Hilo ni la utendaji, uhuru ni kitu kingine.

Mama_Shomari: Marahaba. Basi huo utendaji unitolee tarehe.

Binti_Pangani: Mama, ni baraza la ardhi au mahakama? Kama ni baraza nikuambie pa kuanzia.

Mtoni_Kijichi: Jamani, swali langu la kamati bado lipo.

Otis_wa_Kisumu: Ngoja kwanza, Binti Pangani hajafuta lile neno "alimvuta".