MJADALA: Uhuru wa Marekani wa 1776 ulikuwa ukombozi, au uasi wa walowezi?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Mwaka 2026 Azimio la Uhuru wa Marekani linatimiza miaka 250, na naona wengi wanaliweka kapu moja na uhuru wetu wa miaka ya sitini: koloni lilionewa, likasimama, mkoloni akafungasha virago. Mimi hilo silikubali, na naomba tujadiliane kwa hoja.

Nauliza jambo moja. Bendera ya Uingereza iliposhushwa kule, nani aliondoka? Waliondoka askari wa mfalme, pamoja na baadhi ya walowezi waliobaki watiifu kwake. Walowezi wengine wote walibaki, na nchi ikawa yao. Mkataba wa Paris wa Septemba 3, 1783 uliwapa mpaka unaofika mto Mississippi, na ndani ya mkataba huo hakuna hata neno moja linalowataja wenyeji waliokuwa wakiishi humo.

Tangu mwanzo ilikuwa safari ya kutafuta ardhi na faida. Jamestown, kule Virginia, ilianzishwa mwaka 1607 na kampuni ya London. Nusura ife: kipupwe cha 1609 kuingia 1610 njaa iliwafyeka, wakabaki kama 60 kati ya watu wapatao 500. Kilichowaokoa ni tumbaku. Na tumbaku, anayeilima anajua, inachosha udongo upesi. Misimu michache tu shamba limekwisha nguvu, mwenye nalo anataka jingine, na hilo jingine lina wenyewe. Kwangu mimi mzizi wa yote uko hapo.

Kuna mwaka mmoja ambao kila nikiusoma nasimama. Julai 1619 wawakilishi wa walowezi wa Virginia walikaa kikao chao cha kwanza cha bunge, ndani ya kanisa la Jamestown. Mwisho wa Agosti, mwaka huohuo, meli ikatia nanga Point Comfort ikiwa na Waafrika zaidi ya 20 walioporwa kutoka meli ya Wareno. Walikuwa wametekwa Ndongo, Angola ya leo, na wengi wao yaelekea walisema Kimbundu, lugha ambayo mtu ni "mutu". Sisi tungewaelewa neno hilo pale bandarini. Waliowabadilishana kwa chakula hawakulielewa.

Sasa twende 1763. Uingereza imemshinda Mfaransa Amerika Kaskazini, na deni la taifa limekaribia kuwa maradufu. Oktoba 7 Mfalme George III anatoa tangazo: mlowezi asivuke milima ya Appalachia, ardhi ya ng'ambo ni ya wenyeji. Hakutangaza hivyo kwa huruma, alichoka kulipia vita za mpakani. Mwaka 1767 George Washington alimwandikia mpima ardhi wake, William Crawford, kwamba tangazo lile ni la muda tu la kuwatuliza wenyeji. Akamtaka amtafutie ardhi nzuri kulekule ilikokatazwa, na aifanye kazi hiyo kimyakimya, ajifanye yuko mawindoni. Huyu ndiye atakayekuwa amiri jeshi wa "ukombozi" miaka minane baadaye. Ndiyo maana nasema ule ulikuwa uasi wa walowezi.

Mwalimu wa historia (Morogoro)

Mkuu, hoja yako ya ardhi ni nzito, lakini umeiruka miaka kumi na miwili inayolibeba suala lenyewe. Kutoka 1763 hadi 1775 waliokuwa barabarani Boston na New York hawakuwa wapima ardhi. Walikuwa mafundi, makuli wa bandarini, wachapaji, akina mama waliokataa kununua vitambaa vya Uingereza wakakaa kusokota nyuzi zao wenyewe.

Chukua Sheria ya Stempu ya Machi 1765. Gazeti, hati ya shamba, mkataba wa mkopo, leseni, hata karata za kuchezea, vyote vilitakiwa kuwa kwenye karatasi yenye muhuri wa kodi, na kodi ilipwe kwa fedha ya Uingereza ambayo kule makoloni ilikuwa adimu. Agosti mwaka ule watu wa Boston walitundika mtini sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu. Oktoba makoloni tisa yakakutana New York. Sheria ikafutwa Machi 1766, na siku hiyohiyo Bunge la London likapitisha nyingine kusema lina mamlaka juu ya makoloni kwa jambo lolote lile. Hilo "lolote lile" ndilo lililowachoma.

Na hapa naomba tuangalie chai kwa karibu, maana vijana wengi tunawafundisha vibaya. Watu hudhani chai ilipandishwa bei. Sheria ya 1773 iliishusha! Chai ya Kampuni ya India Mashariki ilikuwa inakuja rahisi kuliko ya magendo, hata ukiijumlishia ile kodi ya peni tatu kwa ratili. Wafanyabiashara wa magendo walikuwa na sababu yao ya kukasirika, hilo silifichi. Lakini usiku wa Desemba 16 wanaume wa Boston walipasua makasha 342 kwa mashoka na kuyamwaga bandarini, mengi yakiwa chai ambayo wao wenyewe wangeinunua kwa bei nafuu. Waliona kwamba wakiinywa, wameshakubali London iwatoze bila kuwauliza.

London ikajibu kwa kufunga bandari ya Boston Juni 1, 1774 na kulivua madaraka baraza la Massachusetts. Septemba 6 wanamgambo zaidi ya 4,600 kutoka vijijini walijipanga pande mbili za barabara ya Worcester. Maofisa wa mahakama wakapitishwa katikati, kofia mkononi, wakisoma kwa sauti kwamba wanaacha kutumikia sheria zile. Walitakiwa kurudia tena na tena ili kila kikosi kisikie kwa masikio yake. Hakuna risasi iliyolia. Wakulima wale walikuwa na mabunge yao na mikutano ya vijiji tangu enzi za mababu, zaidi ya miaka 100, na walikataa kunyang'anywa. Kama huo si mwamko wa watu, tutauitaje?

Mchangiaji (Nakuru)

Mwalimu, nakusikia. Lakini sisi wa huku neno "mlowezi" tunalijua kwa jina na kwa mipaka ya shamba. Babu yangu alikuwa skwota. Alizaliwa katika ardhi ile, kisha akawa anaomba ruhusa ya kufuga mbuzi ndani yake.

Walowezi wa Kenya nao walipanga kuasi dhidi ya London. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikuwa na mpango hadi wa kumteka gavana, kwa kuwa London ilifikiria kuwapa Wahindi haki zaidi za kura na ardhi. Waraka wa Devonshire wa 1923 ndio uliowazima, ukasema maslahi ya Waafrika yatangulie, ingawa ardhi ya babu haikurudi kwa waraka huo. Nao walilia kuwa wananyimwa haki ya kujitawala. Wangefaulu, leo watoto wetu wangefundishwa kuwaita waasisi.

Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walifaulu kwa muda. Novemba 11, 1965 waziri mkuu wao, Ian Smith, alitangaza uhuru kwa tamko lililofuata mpangilio wa Azimio la 1776. Sehemu ya watu wote kuumbwa sawa wakaiacha. Desemba ile Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu iliwaachia walowezi wale. Wazee wetu hawakuuita ule uhuru, na mimi natumia kipimo chao.

Mchangiaji (Massachusetts, Marekani)

Dada wa Nakuru, umesema jambo ambalo ndilo linanifanya nisikubaliane na mleta mada moja kwa moja. Smith aliiacha sentensi ile kwa sababu aliiogopa. Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la 1776, pamoja na kumiliki watu mamia katika maisha yake, aliiandika ikabaki, na ikiwa imebaki, wengine waliichukua.

Nimekaa jimbo hili mwaka wa kumi na moja. Huko magharibi, mji wa Sheffield, kulikuwa na mama mtumwa aliyeitwa Bett. Inasimuliwa kwamba bibi mwenye nyumba aliinua beleshi la jikoni likiwa la moto ampige binti mdogo. Bett akakinga kwa mkono wake, kovu akaishi nalo, akawa halifuniki ili kila anayeuliza ajibiwe mbele ya bibi yule. Katiba ya Massachusetts ya 1780 iliposema watu wote wamezaliwa huru na sawa, alikwenda kwa wakili kuuliza kama maneno hayo yanamhusu. Mwaka 1781 alishinda kesi, akajiita Elizabeth Freeman. Kesi ya Quock Walker, mtumwa mwingine wa jimbo hili, ikafuata, na utumwa ukapoteza miguu yake ya kisheria jimboni. Nimesimama kwenye kaburi lake Stockbridge. Siwezi kusema mapinduzi yale hayakuwa na kitu kwa ajili yake.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Mwalimu, la Worcester nakupa. Nilikosea kuwafunga wakulima wa Massachusetts na wenye mashamba makubwa wa Virginia kamba moja. Wale walikuwa wanatetea kitu chao halali.

Ila Virginia siiachi. Novemba 1775 gavana wake, Lord Dunmore, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaokimbilia jeshi lake, na mamia wakakimbia. Azimio la 1776 linamlaumu mfalme kwa kuchochea uasi wa ndani, maana yake watumwa hao, na katika lalamiko hilohilo wenyeji wanaitwa washenzi wasio na huruma. Mwaka 1779 Washington akatuma jeshi nchi ya wenyeji wa Iroquois. Vijiji kama 40 vikachomwa, mahindi yakafyekwa shambani yakiwa yanakaribia kuvunwa. Wenyeji walikuwa wakimwita Mharibu Miji. Dada wa Massachusetts, Elizabeth Freeman alishinda kwa ujasiri wake, na watumwa waliomtangulia katika maombi ya uhuru mwaka 1773 walipuuzwa na mabwana walewale waliokuwa wakipinga kodi.

Kuna mtu mmoja namweka mezani, na mwalimu atuambie atamweka upande gani. Aliitwa Harry. Alizaliwa Afrika Magharibi, akanunuliwa na George Washington, akafanyishwa kazi Mount Vernon, shamba la Washington, akatunza farasi. Mwaka 1776 alitoroka akajiunga na jeshi la Dunmore. Waingereza walipokuwa wanahama New York 1783, wakaandika daftari la Weusi wapatao 3,000 wanaoondoka nao. Humo yumo: Harry Washington, umri 43, aliyekuwa mali ya Jenerali Washington, alimwacha miaka saba iliyopita. Wakampeleka Nova Scotia, kwenye baridi na ardhi mbovu. Mwaka 1792 akavuka bahari tena pamoja na wenzake wapatao 1,200 hadi Freetown, Sierra Leone, kwenye koloni la kampuni ya London iliyowaahidi mashamba.

Kampuni ikawatoza kodi ya ardhi ambayo hawakuikubali. Wakataka watunge sheria zao na wachague mahakimu wao. Mwaka 1800, miezi michache tu baada ya Washington kuzikwa Virginia kwa heshima zote, Harry akasimama na waasi wa Freetown. Wanajeshi wapya waliofika kwa meli kutoka Nova Scotia waliwazima, mahakama ya kijeshi ikamhukumu, akafukuzwa akaishi ng'ambo ya maji, pwani ya Bullom.