Je, wageni wa Julai katika maporomoko ya Brooks wawekewe kikomo kwa siku?

MLETA MADA

Ndugu zangu, kila mwaka ifikapo Julai familia nyingi husafiri hadi Hifadhi ya Taifa ya Katmai, jimboni Alaska nchini Marekani, kuwatazama dubu wa kahawia wakivua samoni katika Mto Brooks. Mto huo ni mfupi, hauzidi kilomita mbili na nusu kutoka Ziwa Brooks hadi Ziwa Naknek, lakini njiani una maporomoko yanayokaribia kimo cha mita mbili, na samoni wanaotoka Ghuba ya Bristol kwenda kutaga hawana budi kuyaruka. Dubu husimama juu ya ukingo, akatulia na kinywa wazi mpaka samaki amwingie mwenyewe. Samaki wakiwa tele, yule aliyekwisha kushiba hula ngozi, ubongo na mayai tu, na mabaki yakawa riziki ya shakwe na ya dubu wadogo wanaoogopa kusogea.

Sina ugomvi na anayempeleka mwanawe kuona jambo kama hilo. Ninachotaka tujadili ni utaratibu. Katmai haitozi kiingilio, wala haidai kibali kwa mgeni anayekwenda Brooks na kurudi siku hiyo hiyo. Barabara haipo, kwa hiyo anayemudu nauli ya ndege ndogo inayotua majini amekwisha kuruhusiwa. Kikomo hukutana naye mwisho kabisa wa njia, kwenye jukwaa la maporomoko linalochukua watu 40 kwa wakati mmoja. Wageni wakizidi, askari wa hifadhi huandika majina, na kila mtu hupewa saa moja kisha humpisha mwenzake. Wazazi waliotumia fedha nyingi hujikuta wakisubiri zamu na watoto wenye njaa, maana chakula hakiruhusiwi njiani. Hata mfuko wa biskuti huachwa ghalani kambini.

Jirani yake, kaskazini mwa hifadhi hiyo, kuna eneo la McNeil River linalosimamiwa na serikali ya jimbo. Huko tangu mwaka 1973 vibali hutolewa kwa bahati nasibu, na maporomoko hupokea wageni 10 tu kwa siku, wakiongozana na wafanyakazi wa eneo hilo. Zaidi ya dubu 70 wamewahi kuonekana hapo kwa mara moja, na katika miaka yote ya utaratibu huo hakuna mgeni aliyejeruhiwa na dubu. Pendekezo langu ni kwamba Brooks nayo iwe na idadi maalumu ya wageni kwa siku katika mwezi wa Julai, wapatikane kwa bahati nasibu, na wajulikane kabla ndege haijaondoka.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, na bado naona mfano wa McNeil haufai kwa familia. Kule mgeni hulala katika hema lake, huvaa mabuti ya mpira yanayofika mapajani, na hutembea zaidi ya kilomita tatu katika tope na maji kabla ya kuyafikia maporomoko. Familia ya watu watano ingechukua nusu ya nafasi za siku nzima. Brooks ina njia iliyoinuliwa, daraja refu lililokamilika mwaka 2019, na darasa la lazima ambalo kila anayeshuka kwenye ndege hufundishwa kukaa mita 45 mbali na dubu. Mtoto na bibi yake wanaweza kufika.

Pili, sioni kwamba wingi wa wageni unawadhuru dubu. Dubu wa Brooks wanazidi kuja na kunenepa, na wako madume wanaovuka kilo 450 ifikapo vuli. Katika British Columbia, nchini Kanada, watafiti walibaini kwamba majike wenye watoto huvua karibu na watu kwa makusudi, kwa sababu madume wakubwa hukwepa mahali hapo.

Tatu, na hili ndilo zito kwangu, hatari halisi haipo jukwaani. Mgodi wa Pebble ulikusudiwa kuchimbwa kwenye vyanzo vya mito inayolisha Ghuba ya Bristol, na haikuwa hadi Januari 2023 ambapo shirika la mazingira la Marekani liliuwekea zuio. Aliyemwona dubu akivua hahitaji kushawishiwa aitetee samoni. Ukipunguza wageni, unapunguza mawakili.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi naomba jambo moja tu: kikomo kikija, kisije kwa njia ya bei. Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona sokwe wa milimani hadi dola 1,500 mwaka 2017, na watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Uhifadhi umefaidika, sikatai, lakini mzazi wa kawaida hawazi tena kwenda.

MLETA MADA

Ahsanteni. Ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ushahidi unaoutegemea umechujwa na umati wenyewe. Anayesimama jukwaani huwaona dubu waliokubali watu. Wale wasiowakubali hawapo mbele yake, naye huondoka akisema kwamba dubu hawajali. Utafiti uliochapishwa miaka ya 1990 kuhusu mto huo huo ulionyesha kwamba msimu wa kambi ulipoongezwa wakati wa vuli, dubu wazima wasiozoea watu walichelewa kuanza kuutumia mto. Nao wanahitaji mafuta mwilini ya kulalia majira ya baridi bila kula, kama wenzao. Hata majike wa British Columbia wananiunga mkono: wananufaika kwa sababu kuna dubu wengine wanaofukuzwa na uwepo wetu.

Kuhusu mawakili, kamera za mubashara zimekuwa Brooks tangu mwaka 2012, na kila vuli watu wa nchi nyingi hupiga kura ya kumchagua dubu mnene kuliko wote bila kupanda ndege. Sidai kwamba skrini inatosha. Nasema tu kwamba mapenzi kwa samoni hayapimwi kwa idadi ya abiria.

Wala sijaomba watu 10. Waliolala kambini, penye uzio wa umeme na nafasi 60, wabaki kama walivyo, na hata waliopanga vyumba. Kikomo kiwahusu wanaokuja kutwa. Baadhi yenu mtasema ni rahisi zaidi kuzigawia kampuni za ndege idadi ya abiria, kwa kuwa tayari zinafanya kazi kwa idhini ya hifadhi. Hilo nalikataa, kwa sababu nafasi ikiwa mali ya kampuni itauzwa kwa anayelipa zaidi, na tutakuwa tumefika kule anakokuogopa mchangiaji wa pili. Kibali kiandikwe jina la mgeni, watoto wahesabiwe pamoja na wazazi wao katika ombi moja, kisha kampuni zishindane kumbeba aliyekipata.