Mrejesho: slagi au raifoli ya kulungu, nilichoamua

Wakuu salama, mimi ni yule wa Ohio, Marekani, niliyeuliza kama kwa kuwinda kulungu ninunue raifoli ya risasi za ganda lililonyooka (ganda lisilobanwa shingoni) au nibaki na shotigani ya kuazima ya slagi (risasi moja nzito badala ya chembe nyingi), mrejesho ndo huu.

Wengi mlisema shotigani inatosha, na kweli inaua bila ubishi, shida ni bega langu aisee. Nilienda renji, uwanja wa kulenga shabaha, na ile shotigani ya geji 12 (kipimo cha mtutu) nikapiga slagi tano tu, ya tano nilishaanza kufumba macho kabla sijavuta triga, sasa hapo utalenga nini. Na slagi zile za mtutu wenye mifereji ndani zina bei ya kuumiza.

Nikachukua raifoli ya .350 Legend, moja ya risasi hizo za ganda lililonyooka. Raifoli za ganda lililonyooka huku zimeruhusiwa kuwindia kulungu tangu 2014, ila raifoli hiyo au shotigani isibebe zaidi ya risasi tatu. Kuna jamaa alinisukuma kwenye .450 Bushmaster, risasi nyingine ya ganda lililonyooka ila kubwa zaidi, akaniazima yake nikaijaribu, ile nayo ni teke la punda, nikamrudishia na shukrani.

Jumatatu baada ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya Marekani, mwishoni mwa Novemba), msimu wa bunduki ulipofunguliwa, nikapanda mtini kabla hakujakucha, vesti ya chungwa, vidole vimekufa ganzi. Saa mbili asubuhi akatoka kulungu jike mmoja anaokota mahindi yaliyobaki shambani, yadi kama 80, nikapiga nyuma ya bega, kakimbia hatua thelathini hivi kalala.

Wife mwanzo alisema hapiki mnyama wa porini, juzi nimemkuta anamalizia mishkaki.