Wanaokwapua simu kwa pikipiki hapa Mwanga Kigoma, mnajikingaje nao?

Jamani wana Kigoma, juzi saa moja jioni natoka soko la Mwanga, mkono mmoja rambo la dagaa mwingine naongea na simu, pikipiki ikaja nyuma yangu taratibu wawili wamepakizana, nikasikia sikio limewaka moto tu, simu hiyoo imeenda na hereni moja. Nimeumia sana, picha za marehemu mama zote zilikuwa humo. Nifanyeje sasa na nyie mnajikingaje?

MamaDagaa: Pole sana mdogo wangu. Azima simu ya mtu sasa hivi upige huduma kwa wateja wafunge laini, hela ya kwenye simu ndo inaenda kwanza. Halafu nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako ya wizi, uende nayo kwa mtandao wako pamoja na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, waifungie simu. Hiyo IMEI ipo kwenye boksi la simu.

Mtu wa Ujiji: Wenye simu bado pigeni *#06# muandike hiyo IMEI itakayotokea kwenye daftari leo leo. Na simu ikiita usiongelee barabarani, ingia dukani kwa mtu, wale wanavizia mkono wa upande wa lami.

Muuliza swali: Asanteni, laini nshaifunga, boksi nalitafuta.