Ofisi yetu inataka kuingiza AI kwenye huduma za wananchi, tuanzie wapi bila kuumiza watu?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Niko ofisi ya umma inayoshughulikia maombi ya ruzuku za familia, na huko juu wameshaamua lazima tuingize AI mwaka huu, mimi nimewekwa kwenye kamati ya watu watano ya kutoa mapendekezo na kati yetu mmoja tu ndo mtu wa IT. Mzabuni ameshakuja kutuonyesha mfumo wake, unasoma faili, unampa kila mwombaji alama ya hatari ya udanganyifu, na mwenye alama ya juu malipo yake yanasimama yenyewe mpaka achunguzwe. Wakubwa wamefurahi manake mafaili yamerundikana kweli, watu wanasubiri miezi na miezi. Sipingi teknolojia, nimekaa dirishani miaka sita na najua mtu anavyoteseka akisubiri. Ila hiyo habari ya malipo kusimama yenyewe inaninyima usingizi. Waliopita njia hii naombeni mwongozo.

Mkaguzi_mifumo
Mkuu, hapo kwenye "kusimama yenyewe" ndo pa kukazia, usikubali kabisa. Angalia kilichotokea Australia kuanzia 2016 na mpango wa kuwadai watu warudishe pesa za msaada wa serikali, uliokuja kuitwa Robodebt, na ile wala haikuwa AI, ilikuwa hesabu ya kugawanya tu. Walichukua kipato cha mwaka mzima kutoka ofisi ya kodi wakakigawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, halafu wakalinganisha na alichotangaza mtu kila wiki mbili. Sasa mtu aliyefanya kazi nusu mwaka na nusu nyingine akakosa kazi akachukua msaada kihalali, kwenye hesabu ile anaonekana alikuwa na kipato mwaka mzima, kwa hiyo alidanganya, kwa hiyo anadaiwa. Na ni yeye ndo aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hadaiwi, atafute karatasi za mishahara za miaka ya nyuma. 2020 serikali ikatangaza kurudisha dola zao milioni 721 kwa madeni kama 470,000, na 2023 tume ya uchunguzi ikasema wazi kwamba mpango haukuwa halali.

Uholanzi nako, kashfa ya ruzuku za kulea watoto, uraia wa mtu ulikuwa moja ya vigezo vya kupima hatari, wazazi kwa makumi ya maelfu wakaumizwa na serikali ikajiuzulu Januari 2021. Hiyo ni ruzuku ya familia kama yenu, kwa hiyo mwambie mzabuni aorodheshe kila kigezo kinachoingia kwenye ile alama, hata mtaa anaokaa mtu, manake mtaa unaweza kubeba kabila au uraia bila kuutaja. Akisema ni siri ya kibiashara basi kamati yenu imeshapata jibu.

Nilikuwa_mhakiki
Na wakikuambia "usijali, kutakuwa na binadamu wa kuhakiki" usiishie hapo, uliza anahakiki vipi. Mimi nimeifanya kazi hiyo ofisi moja, sitaitaja. Nilikuwa naletewa mafaili zaidi ya mia kwa siku, nikikubaliana na mfumo nabonyeza mara moja, nikiupinga najaza fomu ya kurasa mbili na msimamizi ananiita nieleze. Unadhani nilikuwa napinga mara ngapi? Kuna faili la mama mmoja bado nalikumbuka, nililipitisha jioni nimechoka, alama ilikuwa juu nikaiamini, baadae ikaja kujulikana jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye kitambulisho yameandikwa tofauti kwa herufi moja, mfumo ukamhesabu ni watu wawili. Alikaa karibu miezi minne bila malipo.

Kwa hiyo ombeni hivi: afisa asome faili na aandike maoni yake kwanza ndo aonyeshwe alama, kupinga kuwe kwepesi sawasawa na kukubali, na kila mwezi mhesabu maafisa wamepinga mara ngapi. Wakikubali asilimia 99 jueni hamna anayehakiki hapo. Halafu chukueni pia mafaili machache kwa bahati nasibu ambayo mfumo haukuyashuku, la sivyo hamtajua unakosea wapi, mtakuwa mnachunguza wale wale kila siku na kila mkimpata mmoja mnasema umeona, mfumo uko sahihi.

Manunuzi_kwanza
Nachangia upande wa mkataba tu. Data ibaki yenu na mzabuni asiifundishie mifumo ya wateja wengine bila ruhusa, muwe na haki ya kuleta mkaguzi wa nje, kumbukumbu za kila uamuzi zitunzwe muda wote rufaa inapowezekana, na mkiachana naye mtoke na data kwenye muundo unaosomeka. Hivi vitu vinaombwa kabla ya sahihi, ukishasaini hupati kitu.

Mleta mada
Asanteni sana, hiyo ya herufi moja kwenye jina imenigusa manake kwetu hayo mafaili yapo kila siku. Sasa nikirudi kikaoni na "hapana" tupu wataona nakwamisha kazi. Kuna sehemu tunaweza kuanza nayo salama?

Mkaguzi_mifumo
Ipo. Anza pale ambapo mfumo ukikosea hakuna anayekosa chakula. Mfano kupanga barua zinazoingia, au kumjulisha mwombaji siku hiyo hiyo kwamba kiambatanisho fulani hakipo badala ya kumjulisha baada ya miezi mitatu, hiyo peke yake inapunguza foleni sana. Chatiboti ya kujibu maswali wengi wanaiona rahisi ila kuweni makini, ya jiji la New York ilizinduliwa 2023 na mwaka uliofuata waandishi wa habari wakakuta inawaambia waajiri wanaweza kuchukua bakshishi za wafanyakazi wao, kitu ambacho ni kinyume cha sheria, na mtu alikuwa anaiamini kwa sababu ilikuwa kwenye tovuti ya serikali.

Kitafute pia kile kidodoso cha Kanada cha kupima athari, kiko wazi kwa yeyote. Tangu 2019 wana agizo linalopanga mifumo ya maamuzi kwenye ngazi 4 kulingana na madhara yake kwa mtu, na ngazi mbili za juu uamuzi wa mwisho lazima ufanywe na binadamu. Jazeni nyie wenyewe, msimwachie mzabuni awajazie.

Mleta mada
Nimekipata, naanza kukijaza leo usiku. Kikao ni alhamisi, nitapendekeza tuanze na hiyo ya viambatanisho, na kabla hata ya kuongelea ile alama nitaomba mzabuni aupitishe mfumo wake kwenye mafaili 200 ya miaka ya nyuma tuliyoyafunga na tunajua yaliishaje, yakiwemo ya majina yenye makosa ya herufi, tukishabadilisha majina na namba za watu kwa za kubuni ila makosa ya herufi tukayaacha yalivyo. Nitarudi hapa kuwaambia amejibu nini.