Semina ya likizo kwa kidato cha tatu: niwafundishe nini isigeuke twisheni?

Mwalimu_Lindi:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Historia na Kiswahili kwenye shule ya kata huku Lindi. Likizo hii ya Juni wazazi wachache wameniomba nikae na vijana kumi na wawili wa kidato cha tatu, wiki mbili, asubuhi tu. Ni watoto wanaopenda kuuliza. Mmoja wao alitaka kujua kwa nini notsi zinaeleza Wajerumani walitaka nini, lakini hazisemi watu wa hapa walikuwa wanajadiliana nini. Kengele ikalia, na swali lile sitaki lipotee hivihivi.

Nimeandika mada kumi: Kilwa, Majimaji, ushairi, falsafa, ukoloni na kadhalika, kila siku mada yake. Hofu yangu ni kwamba wamezoea kunakili ubaoni. Ukiwaambia "jadilini" wanainamisha vichwa. Naomba uzoefu wenu.

MamaWawili:
Mimi ni mzazi, nasema kwa nia njema. Hawa mwakani wana mtihani wa taifa. Saa mbili za kujadili falsafa zingetosha kufanya pepa nzima ya miaka iliyopita. Angalau changanya.

Mstaafu_Masasi:
Mwalimu, futa mada tisa, ubaki na moja. Nimeendesha madarasa ya likizo ya namna hii kabla na baada ya kustaafu, na kilichowaamsha watoto kila mara ni kitu kimoja wanachokaa nacho mpaka kianze kuwasumbua.

Ninyi mna bahati, Tendaguru iko mkoani kwenu. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913. Wapagazi wakaibeba vichwani, mingine ikining'inia kwenye miti mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zikaenda Berlin. Mmoja wa wanyama hao aliunganishwa akasimamishwa kwenye jumba la makumbusho mwaka 1937, na leo kimo chake ni zaidi ya mita 13.

Siku ya kwanza usitoe hadithi hiyo. Chapisha picha ya wapagazi, viti viwe duara, na wewe ukae humo humo, chaki iache ofisini. Uliza swali moja tu: mnaona nini? Wataanza na nguo, miguu, mizigo. Halafu watanyamaza. Hapo ndipo walimu wengi tunashindwa, tunajaza ukimya kwa maelezo. Vumilia. Atatokea mmoja, mara nyingi yule mkimya, aulize: hawa ni akina nani, na walilipwa?

Sasa semina imeanza. Mhandisi wa Kijerumani alitoa taarifa za mifupa hiyo mwaka 1906, wakati vita ya Majimaji iliyoanzia Umatumbi mwaka 1905 haijaisha. Waache wenyewe waweke tarehe hizo mbili pamoja. Waulize mtu aliyetoka kwenye vita na njaa, anayedaiwa kodi na serikali ile ile, alipokubali kubeba mfupa, alikubali kwa maana gani? Hapo unayo historia, falsafa na maadili, na hujatamka jina la somo hata moja. Wape pia habari za Boheti bin Amrani, msimamizi aliyekuwa fundi wa kuitoa mifupa salama. Wanafunzi wangu walimpenda mno, kwa sababu aliivuruga picha waliyokuwa nayo kwamba Mwafrika alikuwa mbebaji tu.

Wiki ya pili ndiyo muulizane: mifupa ile irudi nchini au isirudi? Karibu wote watasema irudi. Kila mmoja aandike kurasa mbili akitetea upande asioupenda. Hasira zitakuwepo, na kazi nzuri itatoka humo.

MamaWawili, dada yangu, nakuelewa, nami nimelea. Lakini mtoto aliyeandika kurasa mbili za hoja hababaiki na swali la insha. Pepa atafanya Agosti.

Mwalimu_Lindi:
Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Nina maswali mawili. Lugha: Historia wanaisoma kwa Kiingereza, je, tujadili kwa Kiingereza? Na nikiwatuma kwa wazee kukusanya simulizi, ni sawa?

Mstaafu_Masasi:
Marahaba mwanangu. Wajadili kwa Kiswahili. Mtoto akilazimika kutafuta neno, hoja inamtoroka. Maandishi wachague wenyewe.

Wazee, ndiyo, tena waambie kwamba mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kurekodi simulizi za Majimaji kwa wazee, na kazi ile wanahistoria wanaitegemea mpaka leo. Ila waende wawili wawili, waombe ruhusa kabla ya kurekodi, na jibu waliandike kama lilivyosemwa hata kama linapingana na kitabu. Mzee wa leo hakuiona vita, anasimulia alichosikia. Hilo nalo walijadili: aliyemsimulia ni nani, na alinyamazia nini?

MamaWawili:
Mwalimu wa Lindi, nafasi imebaki? Binti yangu yuko kidato cha pili, na nyumbani hanipi nafasi ya kupumua kwa maswali.

Mwalimu_Lindi:
Mlete, mama. Tunaanza saa mbili asubuhi, aje na daftari lisilo na notsi.