Sungura wa Malta: mbona mgongo hukauka kabla mapaja hayajaiva?

kijiko_cha_mbao: Wakuu, naomba msaada wa stuffat tal-fenek, ule mchuzi wa sungura wa Malta. Maelekezo mengi yanasema dakika 90. Kwa sungura wa porini, muda huo mapaja bado magumu na mgongo umeshakuwa ubao. Kosa liko wapi?

moto_mdogo: Dakika 90 ni za sungura wa kufugwa. Wa porini ni mdogo, hana mafuta, na misuli yake imezoea mbio. Akiwa wa kilo 1, mkate vipande 8. Vua ule utando unaong'aa mgongoni; ukiuacha hujikunja motoni na kuikamua nyama. Mroweke usiku kucha kwenye nusu lita ya divai nyekundu na punje 6 za kitunguu saumu zilizopondwa. Kisha mkaushe kwa kitambaa, kavu kabisa, ndipo umkaange kwa mafuta ya zeituni. Akiwa na maji atatokota tu, hapati rangi. Toa nyama, kaanga vitunguu 2 na vijiko 2 vya nyanya nzito ya kopo, rudisha mapaja na miguu ya mbele, mimina ile divai. Pika kwa muda wa saa 2, mchuzi utoe viputo vidogo tu, usichemke. Mgongo uingie dakika 40 za mwisho, njegere dakika 10.

Pwani_Jikoni: Kabla ya yote, papasa nyama utoe marisaa, zile chembe za risasi za bunduki ya mwindaji; moja tu linavunja jino. Nyongo ikipasuka juu ya ini, kata sehemu hiyo utupe. Ini likiwa na vidoa vyeupe, usile mnyama huyo kabisa, na umchune ukiwa na glavu.

mzee_wa_viungo: Kiswahili nacho kinatuponza: "sungura" wetu ni wanyama wawili. Yule wa stifado ya Krete, mchuzi wa Kigiriki wa vitunguu, ni lagos, mkubwa, nyama nyeusi, ndiyo maana wanamtia siki, mdalasini na vitunguu vidogo vizima. Siki hiyo kwa fenek, huyu mdogo wa Malta, inafunika ladha yote. Na Wamalta hawamchukulii mnyama huyu kimzaha: marufuku ya kumwinda chini ya Ximénez, mkuu wa watawala wa kisiwa, ilikuwa moja ya kero zilizotangulia uasi wa mapadri wa 1775.

kijiko_cha_mbao: Nimeelewa, mkuu. Na tambi?

moto_mdogo: Zinatangulia, kwa mchuzi mtupu. Nyama ni sahani ya pili, na viazi.